Nani Atarudi Kutueleza? Kupungua kwa Imani kwa Vyombo vya Habari kwa Mtazamo wa Kisiwa cha Mafia

Ikisiri

Makala hii inajadili kupungua kwa imani ya wananchi kwa vyombo vya habari nchini Tanzania, kwa kukitazama Kisiwa cha Mafia na mwambao unaokikabili. Inadai kwamba imani hiyo haimomonyolewi hasa na uvumi wa simu za mkononi, bali na mazoea ya kutangaza jambo mara moja na kuliacha bila kulirejea. Mifano inayotumika ni vimbunga Jobo na Hidaya, kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari, na kutoweka kwa mwandishi Azory Gwanda.

Utangulizi

Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, ina wakazi zaidi ya 60,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wanaishi kwa bahari na minazi. Anayekwenda bara hupanda boti au kivuko kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, wilayani Kibiti. Mwenye uwezo hupanda ndege. Njia hiyo ya maji hupitisha mizigo, wanafunzi, wagonjwa wa rufaa, na habari pia. Msafiri akishuka Kilindoni huulizwa za bara kabla hajautua mzigo, na akishajibu huulizwa tena: umeona mwenyewe au umeambiwa?

Swali hilo la pili lina mizizi mirefu. Jamii za pwani zimelelewa katika elimu ya hadithi za Mtume, ambamo maneno hayapokelewi mpaka ijulikane nani kayasikia kwa nani, na kama kila msimulizi anajulikana kwa ukweli na kwa kumbukumbu nzuri. Ukikaribia mwandamo wa Ramadhani, watu hao hao hujadiliana kwa hoja kuhusu ushahidi wa nani ukubaliwe, na wa kutoka wapi. Watu wenye mazoea haya hatuwezi kusema ni wepesi wa kudanganywa. Wakilitilia shaka gazeti au redio, wajibu wa mtafiti ni kuuliza wamepima nini.

Uvumi na kimya

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wananchi wamepotoshwa na mitandao. Ujumbe wa sauti usio na mwenyewe hufika vijiji vya Kirongwe au Bweni kwa dakika chache, na taarifa iliyohakikiwa huja nyuma yake. Jambo hili ni kweli, lakini halitoshi. Uvumi hushika pale ambapo mwenye dhamana ya kusema amenyamaza.

Mwaka 2020 serikali iliacha kutoa takwimu za maambukizi ya Uviko-19, idadi iliyotangazwa ikiwa imefika 509, na kimya hicho kikaendelea kwa zaidi ya mwaka. Mwezi Machi 2021 minong'ono kuhusu afya ya Rais John Magufuli ilienea nchini kote. Tarehe 12, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwahakikishia wananchi kuwa Rais yuko salama na anaendelea na kazi. Tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo chake. Msikilizaji aliyefuatilia siku hizo tano kwenye redio alijifunza kwamba mnong'ono ulikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko tangazo. Hakuna semina ya kupambana na upotoshaji itakayolifuta somo hilo.

Jobo na Hidaya

Wiki tano hivi baada ya tangazo hilo la kifo, umma huohuo uliletewa tangazo jingine. Katikati ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha kuwa Kimbunga Jobo kinaelekea mikoa ya pwani na visiwa. Vyombo vya habari vililipeleka tangazo hilo kila kona. Jobo kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa.

Tahadhari ile haikuwa kosa. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini kimoja kiliipiga Unguja mwaka 1872 na kingine Lindi mwaka 1952. Upungufu ulikuwa katika uandishi, kwa sababu hatari ilipopita, habari ilipita nayo. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ya kueleza kwamba kimbunga hupoteza nguvu kikikutana na hewa kavu au pepo za juu zinazokinzana, na kwamba utabiri ni makadirio yanayorekebishwa mara kwa mara. Nahodha aliyepandisha chombo pwani akakosa riziki ya siku kadhaa alistahili maelezo hayo. Bila maelezo, hubaki na hesabu yake tu: walisema kitakuja, hakikuja.

Miaka mitatu baadaye kimbunga kikaja kweli. Tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesitishwa. Mvua kubwa iliikata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga, na ni haki kwamba taifa lilitazama huko, maana kusini yote inaitegemea barabara hiyo. Hata hivyo, kwa anayetaka kujua hali ya imani kwa habari, maswali makubwa yalikuwa Mafia. Nani alisikia tahadhari, na kupitia chombo gani? Nani aliitii, na nani alikumbuka Jobo akaendelea na safari? Majibu yake yanahitaji mwandishi wa kukaa na watu wakati matangazo yamekwisha.

Thamani ya kurudi

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia inaonyesha jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Ilianzishwa mwaka 1995, kufuatia sheria ya mwaka 1994, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822. Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyefanya utafiti kisiwani Chole na kuchapisha kitabu *Rough Waters* mwaka 2004, anaeleza kwamba wakazi wengi waliunga mkono hifadhi mwanzoni wakitumaini itakomesha uvuvi wa baruti, kisha wakaigeukia pale masharti yalipowabana wenyewe. Mwandishi aliyekuja mara moja miaka ya mwanzo angeandika kuwa wananchi wamefurahi. Aliyekuja mara moja baadaye angeandika kuwa wavuvi wanapinga uhifadhi. Wote wawili wangenukuu maneno halisi, na wote wangempotosha msomaji.

Kurudi kuna gharama. Waandishi wengi wa wilayani ni wa kujitegemea, hulipwa kwa habari iliyotumika, na mara nyingi nauli ya kuvuka hutolewa na mwenye shughuli inayoandikwa. Juu ya gharama ya fedha kuna ya sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ililifanya gazeti liishi kwa leseni. Mwaka 2017 MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa, na mwaka 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2022 magazeti yaliyofungiwa yakarudishiwa leseni. Lakini mhariri aliyeishi miaka hiyo alishajifunza kuwa habari ya kwanza huvumilika, na ya kufuatilia ndiyo humponza.

Gharama kubwa kuliko zote ililipwa ng'ambo ya Kilindoni. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi wilayani Kibiti, aliyeandika kuhusu mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika eneo hilo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyochukuliwa kuwa Azory amefariki, kisha ikaelezwa kuwa hakueleweka sawasawa. Azory alikuwa mwandishi wa aina ninayoitetea hapa: aliishi miongoni mwa watu aliowaandika, na aliirudia habari ileile. Kutoweka kwake kuliwanyima wakazi wa pande zote mbili za mkondo kati ya Mafia na Kibiti macho waliyoyategemea. Kila mwaka unaopita bila jibu unawafundisha kwamba anayefuatilia habari hana wa kumfuatilia yeye.

Hitimisho

Imani kwa vyombo vya habari haiombwi, wala hairudishwi kwa kampeni za kuwataka wananchi wasisambaze uvumi. Hurudi pale chombo kinapoeleza kimeipataje habari, kinapokiri ukurasa uleule kwamba kilikosea, na kinapomrudia mvuvi wa kisiwa cha Jibondo mwaka mmoja baada ya kumnukuu. Wahariri wanaweza kuanza na nauli: watenge fedha zao wenyewe za kumvusha mwandishi bahari mara ya pili, asiyedaiwa fadhila na yeyote. Bunge linaweza kuondoa mamlaka ya kulifungia gazeti mikononi mwa serikali na kuyaacha kwa mahakama. Serikali nayo ina deni la kueleza kwa ukamilifu yaliyompata Azory Gwanda. Watu wa Mafia wana kipimo chao cha habari, na kipimo hicho ni kizuri. Kazi iliyobaki ni ya wanaoandika na wanaotawala: kuleta habari inayoweza kukipita.