Kabla Hujasema Korti Ni ya Matajiri: Habari ya Fundi na Wakili Wake

Watu wangu, leo sina kichekesho. Nina historia, na nawaomba mnivumilie mpaka mwisho kwa sababu inahusu mtu ambaye kila nyumba ya Rhonda inamjua. Ni fundi wa mjengo.

Jumamosi iliyopita nilipita saiti moja hapa mtaani nikakuta mafundi watano wamekaa juu ya mawe wakingoja pesa ya wiki. Saa kumi ikafika, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Forman amezima simu. Mmoja wao ananijua, akaniambia, "Kijana, wewe si ni wa video? Hebu tuweke kwa mtandao." Nikacheka nao kidogo, lakini nilifika nyumbani nikiwaza. Mtu amenyimwa jasho lake, na wa kwanza kumkumbuka ni mimi mwenye simu ya kamera. Kwa nini si wakili?

Najua mtanijibu nini. Korti ni ya matajiri. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, na nilikuwa na sababu yangu.

Babangu ni fundi wa mawe. Miaka kadhaa iliyopita alichukua kazi ya lebo hapa Nakuru, nyumba za kupangisha, vyumba nane. Mwenye ploti ananunua vifaa, baba analeta watu na mikono. Walikubaliana 340,000, kwa mdomo, wakashikana mikono. Alilipwa kidogo kidogo mpaka kwa lenta. Walipofika kuezeka, simu zikaanza kutoshikwa. Zikabaki 118,000. Vibarua wake aliwalipa kwa pesa ya mfukoni, maana yeye ndiye aliyewaita kazini na wanaishi hapa hapa kwetu. Karo yangu ya chuo ilikuwa ndani ya hizo 118,000. Sikufeli mtihani na sikufukuzwa. Nilirudi nyumbani Januari nikasema nitarudi chuo Septemba. Septemba kadhaa zimepita.

Kwa hivyo nikaanza kusoma: katika nchi hii, nani aliwahi kusimama kortini upande wa mjenzi?

Tuanze nyuma kidogo. Wakati wa mkoloni, kibarua Mwafrika alikuwa na karatasi, lakini karatasi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Humo mwajiri aliandika tarehe uliyoanza kazi, mshahara wako, na siku aliyokuachilia. Ukiondoka kabla hajatia sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai chini ya sheria za bwana na mtumishi. Fikiria hapo. Kibarua akiacha saiti, anatafutwa na polisi. Tajiri akichelewesha mshahara, kibarua ndiye anahangaika kumtafuta. Kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu.

Mafundi wa Kihindi hawakubeba kipande, lakini nao waliumia kwa makontrakta, wengi wao Wahindi wenzao. Hapo ndipo anapoingia Makhan Singh. Alizaliwa Punjab 1913, akaletwa Kenya 1927 akiwa mvulana. Babake, Sudh Singh, alikuwa amefanya kazi ya ufundi katika reli, kisha akafungua kiwanda cha uchapaji Nairobi. Makhan alimaliza shule akaingia hapo kazini. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoitwa Labour Trade Union of Kenya, na chama hicho kikafungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kabisa.

Aprili 1937 mafundi wa ujenzi Nairobi waliweka zana chini. Maseremala, waashi na wengine walitaka mshahara uongezwe. Mgomo ulienda siku 62. Hebu hesabu siku 62 bila kuingia saiti, bila mkopo wa simu, na duka la mtaa linakudai. Mwishowe makontrakta wakakubali kuongeza mshahara na kuheshimu siku ya kazi ya saa 8. Serikali nayo ilileta sheria ya vyama vya wafanyakazi mwaka huo huo, 1937, kwa sababu jambo lilikuwa limeshakuwa kubwa.

Ukiona leo kibarua anafunga saa kumi na moja jioni na kusema "yangu imeisha", ujue mtu alilala njaa siku 62 ili sentensi hiyo iwe na nguvu.

Sasa wakili yuko wapi? Twende 1950. Makhan Singh amerudi kutoka India, ambako Waingereza walimfunga wakati wa vita. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai wameanzisha East African Trade Union Congress, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, anasimama na kutaka uhuru wa nchi hizi, tena sasa, wala si baadaye. Mei 15 wote wawili wanakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wanagoma. Kesi ya kumfukuza Singh nchini inapelekwa Nyeri, mbele ya Jaji Thacker. Ndiyo, Thacker yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta Kapenguria.

Aliyesimama upande wake ni wakili Chanan Singh. Na huyu ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Chanan Singh hakuzaliwa katika nyumba ya mawakili. Alifika Kenya kutoka Punjab akiwa kijana, akaingia reli kama mfanyakazi. Akajisomea. Alichanganya kazi na vitabu mpaka akawa wakili. Nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo. Mimi niliacha chuo nikaamini mlango umefungwa, na hapa kuna mtu ambaye mlango huo hakuwahi kuonyeshwa, akapita tu. Baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Mfanyakazi wa reli, jaji wa Mahakama Kuu.

Lakini sitaki kuwadanganya kwa hadithi tamu. Kule Nyeri alishindwa. Thacker aliunga mkono serikali, na Makhan Singh akapelekwa kuzuiliwa kaskazini, kuanzia Lokitaung, Turkana. Hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Wakili mzuri, mteja jasiri, na bado wakashindwa, kwa sababu sheria yenyewe ilitungwa na upande wa pili.

Kwa hivyo yule anayesema korti ni ya matajiri hakosei kuhusu 1950. Swali langu ni kama bado ni kweli kuhusu leo, na hapo ndipo nimebadilisha mawazo.

Kuna kitu kimoja Makhan Singh alikuwa nacho ambacho babangu hakudhani kina maana. Alihifadhi karatasi. Barua, vijikaratasi vya mikutano, kumbukumbu za chama, vyote. Kutokana nazo aliandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya kilichotoka 1969, na karatasi zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Nairobi hadi leo. Thacker alimnyima haki lakini hakuweza kufuta ushahidi. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mafundi. Sheria ya leo si ile ya kipande.

Kama unalipwa kwa siku na kontrakta anakuongoza kazini, wewe ni mwajiriwa, hata kama unaitwa kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo zikatimia siku za mwezi mmoja au zaidi, anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa kuandikwa, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Kesi ikifika kortini na hana karatasi, mzigo wa kukanusha unachosema unamwangukia yeye. Mnaona kalamu ilivyohama? Unaanza kwa afisa wa kazi, au unaenda mahakama ya ajira. Lakini una miaka 3 tu. Usilale.

Kama ulichukua kazi ya lebo kama babangu, hiyo ni biashara ya huduma kati ya watu wawili. Hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ikaanza kazi 2021 kule Milimani, na Nakuru tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe bila wakili. Haibanwi na zile kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Deni la mkataba lina miaka 6 kabla halijafa.

Siku 62 za mgomo, siku 60 za kesi. Niliposoma nilitabasamu peke yangu.

Lazima pia niseme upande wa pili, nisionekane nafagia kwetu tu. Kuna mafundi wanaochukua dipoziti wakapotelea Njoro. Kuna wanaopunguza simiti wakauza mfuko jioni. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na karibu watu 50 wakafa. Kuanguka kwa nyumba mara nyingi ni dhambi ya wengi: mwenye ploti mwenye haraka, kontrakta wa bei rahisi, mkaguzi aliyefumba macho, na wakati mwingine fundi aliyejua na akanyamaza. Ndiyo maana kuna sheria ya 2011 iliyoleta Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ya kusajili makontrakta na kuwatambua mafundi. Anayetaka kutetewa lazima kazi yake iweze kutetewa. Daftari litaonyesha ulichodai, na litaonyesha pia uchanganyaji wako.

Sasa turudi nyumbani.

Wiki mbili zilizopita nilimuuliza baba kama ana chochote cha ile kazi ya vyumba nane. Akasema hana, walikubaliana kwa mdomo tu. Mamangu akaingilia kutoka jikoni, "Na kile kitabu chako cha mistari?" Kumbe kipo. Daftari la shule, kurasa zimeliwa na vumbi la simiti. Kila siku ameandika: tarehe, majina ya vibarua, kozi ngapi za mawe, nani amelipwa, nani bado. Kila pesa aliyotumiwa na mwenye ploti ameandika kiasi na siku. Tukaenda tukatoa taarifa ya M-Pesa ya miaka hiyo. Zinafanana, mstari kwa mstari. Mpaka kuna ujumbe mmoja wa mwenye ploti: "Fundi vumilia, iliyobaki nakutumia mwisho wa mwezi." Mtu anayesema hadaiwi hawezi kuandika "iliyobaki".

Baba hakufurahi nilivyotarajia. Alisema yule mtu bado wanakutana naye sokoni, na mtaani fundi anayepeleka watu kortini hapati kazi. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Nilimwambia tuanze na barua. Tukaandika pamoja, kwa adabu, kiasi na tarehe, nakala za daftari nyuma, tukampa siku 14. Aliuliza, "Na tukienda huko, wakili wetu ni nani?" Nikamwambia kwa sheria hii anaweza kusimama mwenyewe. Akanyamaza, kisha akaomba nimsomee barua tena kabla hajatia sahihi.

Kwa wale watano wa Jumamosi: video nitafanya mkitaka, lakini nendeni mkanunue daftari kwanza. Andikeni leo, kila mtu siku zake na kiasi chake, mpigiane sahihi wenyewe kwa wenyewe. Ni shilingi chache tu pale dukani.

Siku 14 za baba zinaisha Ijumaa. Nitawaambia ilivyoenda.