Ile treni ya kuka haikufika Bungoma

Wasee, leo si stori ya kuchekesha. Mwezi wa nane tulimzika kuka, babu yangu, kule Chwele, Kabuchai. Wajukuu tulipopewa nafasi ya kuongea, nikasimulia vile alinijia Nairobi nikiwa na miaka sita, tukapanda treni ya usiku hadi Bungoma. Baadaye anko mmoja akanivuta kando: "Kijana, miaka hiyo Bungoma hakukuwa na treni ya abiria. Umedanganya watu matangani."

Iliniuma. Kama hiyo safari haikuwepo, basi nimebaki na nini cha kuka? Nikaanza kuchimba.

Kwanza nikubali, anko anajua reli yake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, enzi hizo ikiitwa Port Florence. Ukienda Uganda, hapo ulishuka ukapanda meli. Laini ya pili, inayoachana na ya Kisumu karibu na Nakuru, ilifika Eldoret 1924, na baada ya kupita Webuye, Bungoma na Malaba ikamalizikia Kampala 1931. Kitale ilipata tawi lake 1926. Kuka alipokuwa kibarua Nairobi, hii ya Bungoma ndiyo ilikuwa treni yake. Alitusimulia baridi ya Timboroa hadi tukaihisi kwenye mifupa. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kila nchi ikabaki na reli yake, na kufikia utoto wangu laini ya Malaba ilikuwa ya mizigo tu. Treni ya abiria ya kuja magharibi ilikuwa ya Kisumu.

Sasa nikaandika kila kitu ninachokumbuka. Mashamba ya miwa asubuhi. Harufu mbaya ya kiwanda cha karatasi cha Webuye. Hapo nikafurahi: si hiyo ni Bungoma? Lakini tulia. Miwa iko Nzoia, na iko pia Muhoroni na Chemelil, kwa laini ya Kisumu. Na Webuye unaweza kuipita kwa matatu.

Halafu nikakumbuka vitu viwili ambavyo sikuwahi kuvitilia maanani. Cha kwanza, maji mengi yasiyo na ng'ambo, na mama wakiuza samaki. Bungoma hakuna ziwa, jamani. Cha pili, jiwe refu kando ya barabara, kuka akiniambia, "Angalia, lile jiwe linalia." Jiwe la kulia liko Ilesi, kwa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Ukitoka Nairobi kupitia Eldoret, huwezi kuliona.

Kesi imeisha. Tulipanda treni ya Kisumu, kisha matatu: Kakamega, Webuye, hadi nyumbani. Ile ya Bungoma niliyosema matangani ilikuwa treni ya kuka mwenyewe. Aliisimulia mara nyingi hadi ikaingia ndani ya yangu.

Lakini kuna kitu kilinifanya nikae chini. Basi za Nairobi hadi Bungoma moja kwa moja zilikuwepo. Ungelala kwenye kiti, asubuhi uko nyumbani. Mzee wa miguu mibovu, na mtoto, na mizigo, alizunguka hadi Kisumu kisha akatafuta matatu. Kwa nini? Sioni sababu nyingine: treni yake ilikuwa imekufa, na alitaka mjukuu wake apande treni hata mara moja.

Nilimpigia anko nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ni mzee wangu kabisa."

Mimi nilichelewa kumuuliza kuka. Kama wako bado yuko, mpigie leo jioni, muulize alisafiri na nini, akapitia wapi. Na urekodi.