Kagua turbo ya lori la mtumba kabla dhamana haijaisha

LORI lililowahi kutumika huweza kupita majaribio yote katika uwanja wa muuzaji, kisha likashindwa kupanda mlima wa kwanza likiwa na shehena.

Mara nyingi kiini cha tatizo hilo huwa turbo, kifaa kinachoisukumia injini ya dizeli hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe.

Kwa mnunuzi, jambo la kuzingatia mno ni wakati. Dhamana hupimwa kwa siku au kwa kilomita, kutegemea kitakachotangulia kutimia. Mathalan, lori lililopewa dhamana ya kilomita 5,000 na ambalo hubeba mizigo kati ya Mombasa na Malaba, mwendo wa takriban kilomita 900, litaimaliza kabla ya kukamilisha safari ya tatu ya kwenda na kurudi.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa turbo haufai kusubiri hadi lori likwame barabarani.

Jinsi turbo inavyofanya kazi

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kukandamiza hewa, mnamo 1905. Msingi wa kazi hiyo haujabadilika.

Turbo ina magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili hufyonza hewa kupitia kichujio, huikandamiza na kuielekeza katika silinda. Katika malori mengi hewa hiyo hupitia kwanza kipozaji kilicho karibu na rejeta.

Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi, huelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Oili ikichelewa kufika au ikiwa chafu, chuma hugusana na chuma, na uharibifu huanza papo hapo.

Nchini Kenya, mzigo wa kifaa hiki huongezwa na miinuko. Lori linalotoka Mombasa hupanda hadi zaidi ya mita 1,600 likifika Nairobi, na zaidi ya mita 2,700 likipita Timboroa, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban robo ikilinganishwa na pwani. Huko, injini huitegemea turbo zaidi.

Ndiyo maana lori lililojaribiwa likiwa tupu mjini Mombasa linaweza kuficha ugonjwa utakaojitokeza baada ya Nakuru.

Dalili za kutazama

Dalili ya kwanza ni upungufu wa nguvu. Dereva hukanyaga mafuta lakini lori halichangamki, na hulazimika kurudi gia ya chini pale ambapo malori mengine ya aina hiyo hayafanyi hivyo.

Moshi nao huwa na ujumbe wake. Moshi mweusi mlimani huashiria kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Huenda turbo haisukumi hewa ya kutosha au hewa inavuja njiani. Moshi wa samawati, hasa lori linapoondoka baada ya kunguruma kwa muda likiwa limesimama, huonyesha kwamba oili inaungua.

Aidha, sauti ni ya kusikilizwa. Mluzi mwembamba ni wa kawaida. Mlio mkali kama king'ora, au mkwaruzo wa chuma, ni dalili kwamba mapanga yanagusa ganda la turbo. Sauti ya hewa inayofoka lori likiwa na mzigo huashiria mpira uliopasuka au klipu iliyolegea.

Hata hivyo, dalili hizi si ushahidi kamili. Moshi mweusi huweza kuletwa na nozeli mbovu, na moshi wa samawati huweza kutokana na ringi za pistoni zilizochakaa. Fundi anayeilaumu turbo bila kuchunguza mengine humtia mwenye lori hasara.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi unafaa kuanzia mambo rahisi. Kichujio cha hewa kitolewe na kutazamwa. Kikiwa kimeziba kwa vumbi, huinyima injini hewa na pia huweza kuifanya turbo ivute oili yake yenyewe.

Baadaye, mipira yote kati ya turbo, kipozaji na injini ikaguliwe. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungo injini ikinguruma, mapovu yataonyesha penye uvujaji mkubwa. Nyufa nyingine hufunguka tu chini ya mzigo. Kasoro ya namna hii hurekebishwa kwa gharama ndogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, kwani turbo inayofidia hewa inayovuja hulazimika kuzunguka kasi kupita kiasi.

Hatua ya tatu hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa kabisa. Mpira wa kuingizia hewa ufunguliwe na gurudumu lizungushwe kwa kidole. Linapaswa kuzunguka bila kukwama na bila kugusa ganda. Mtikisiko mdogo wa kando ni wa kawaida, kwa kuwa mhimili huelea juu ya oili. Lakini ukivutwa na kusukumwa mbele na nyuma, mhimili haupaswi kuwa na mchezo unaohisika waziwazi.

Mapanga yatazamwe pia. Yaliyopinda au kumegeka ni ushahidi kwamba kitu kigeni kiliwahi kuingia. Oili kidogo ndani ya mpira si jambo la kuhofisha, lakini oili iliyotuama ni onyo.

Hatua ya mwisho ni barabarani: lori lipakiwe mzigo halali na lipande mlima huku geji ikipima msukumo wa hewa. Kipimo hicho kilinganishwe na kile cha mtengenezaji wa injini. Kwa malori yenye mitambo ya kielektroniki, kompyuta ya gereji isome hitilafu zilizohifadhiwa.

Iwapo turbo inavuja oili nyingi, lori lisiendeshwe. Injini ya dizeli huweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe, ikaongeza kasi na kukataa kuzimika hata ufunguo ukitolewa.

Tafuta chanzo

Turbo haifi bila sababu. Oili iliyocheleweshwa kubadilishwa, paipu ya oili iliyoziba kwa masizi, au injini iliyochoka ambayo presha yake ya ndani huzuia oili kurudi chini, zote huiua. Turbo mpya ikifungwa bila kuondoa chanzo, nayo itaharibika, pengine baada ya dhamana kuisha.

Tabia ya dereva pia huchangia. Injini iliyotoka mlimani inapaswa kuachwa ingurume kwa dakika mbili au tatu kabla ya kuzimwa, ili turbo ipoe na oili isiungue ndani yake.

Kudai haki

Mnunuzi asome masharti ya dhamana kabla ya fundi wake kushika spana. Baadhi ya mikataba huitaja turbo kwa jina, mingine huiondoa, na mingine hubatilika iwapo kifaa kitafunguliwa na gereji isiyoidhinishwa. Palipo na shaka, kazi ya kufungua iachiwe muuzaji.

Malalamiko yatolewe kwa maandishi, yakionyesha tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi na dalili zilizoonekana, na nakala ihifadhiwe. Ahadi ya mdomo kwamba lori litaangaliwa wiki ijayo haisimamishi siku za dhamana.

Kadhalika, risiti za oili na vichujio zihifadhiwe, kwani muuzaji huweza kudai kwamba lori halikutunzwa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humpa mnunuzi kinga fulani kuhusu ubora wa bidhaa. Hata hivyo, mnunuzi aliyekagua bidhaa kabla ya kununua huenda asipate kinga hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kufichua.

Kwa hivyo, safari ya kwanza yenye mzigo na mlima ifanywe katika siku za mwanzo za dhamana, fundi akiwemo garini. Kasoro itakayoonekana siku hiyo itakuwa bado mikononi mwa muuzaji. Itakayoonekana baada ya muda kuisha itakuwa ya mwenye lori.