Miaka thelathini ya kumpima dereva wa lori

Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza kuwapima madereva wa malori pale Athi River, kando ya barabara ya Mombasa, ambapo magari mengi ya kutoka pwani husimama kabla ya kuingia Nairobi. Kazi hiyo iliongozwa na Job Bwayo. Dereva na utingo wake walikaribishwa, wakaulizwa maswali mengi ya faragha, wakatolewa damu, na aliyekutwa na ugonjwa wa zinaa akatibiwa. Ripoti yao ya mwaka 1994 ilihusu watu 970, na zaidi ya robo yao walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Mwaka huohuo wa 1989, timu ya daktari mpasuaji Wilson Carswell ilichapisha matokeo ya vipimo vilivyofanywa Kampala. Wao walipima watu 68 tu, madereva na matingo. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na VVU.

Sasa, hebu tuzisome hizo namba polepole, maana zimebeba historia ndefu kuliko zinavyoonekana. Watu 68 ni wachache. Tena hawakuchaguliwa kwa kura kutoka kwa madereva wote wa Afrika Mashariki, ni wale waliopatikana pale walipopatikana. Hilo pekee halifuti matokeo. Hata ukikata namba hiyo katikati bado inatisha. Ila zilipotoka kwenye majarida ya kitabibu na kuingia magazetini, ziligeuka kuwa hadithi nyingine kabisa. Dereva akawa ndiye anayesambaza UKIMWI. Mwaka 1994 mwandishi wa Marekani Richard Preston alitoa kitabu kilichouzwa sana, The Hot Zone, na ndani yake barabara inayokatiza Kenya na Uganda kuelekea Kongo ikatajwa kama njia ya UKIMWI. Picha ile imeganda vichwani mwa watu mpaka leo.

Tatizo la picha ile ni kwamba inaanza katikati. Mwaka 2014 kundi la wanasayansi lilichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa vinasaba vya VVU uliorudisha chanzo cha janga hili hadi Kinshasa, miaka ya 1920 hivi. Kirusi hubadilika kidogo kidogo kadiri kinavyozaliana, kwa hiyo ukilinganisha sampuli nyingi za miaka na mahali tofauti unaweza kukadiria zilitengana lini na wapi. Walichokiona ni kwamba katika miongo ile ya mwanzo kirusi kilifuata zaidi reli za Kongo ya Wabelgiji kwenda miji ya migodi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka walikuwa wakipita Kinshasa kwa treni. Hapo lori la masafa marefu la Mombasa hata halijazaliwa!

Na lenyewe lilizaliwaje? Hapa inabidi tuache virusi kidogo tuzungumzie siasa. Reli ya Uganda ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na kwa miongo mingi mizigo ya bara ilikuwa ni ya treni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Shirika la reli la pamoja likagawanywa vipande vitatu, na kadiri huduma zilivyozorota mizigo ikahamia barabarani. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Zaire hazina bahari. Mafuta, saruji, dawa, sukari, vyote vikawa vinategemea mtu mmoja aliyeshika usukani kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Kuendesha umbali huo kwenyewe si ajabu. Muda mwingi uliliwa na kungoja: bandarini, kwenye mizani, na mpakani, ambako foleni ya siku kadhaa lilikuwa jambo la kawaida tu.

Kwa maoni yangu, huku kungoja ndiko kiini cha habari yote. Mtu aliyekaa siku tatu Malaba na karatasi za ushuru ambazo hazijagongwa muhuri anahitaji kula, kuoga, kulala na kuongea na mtu. Mji mzima unaota kumzunguka: mamalishe, gesti, baa, fundi wa tairi, wanawake waliokimbia umaskini wa vijijini. Hakuna hata mmoja wao aliyefika pale kwa ajili ya kueneza ugonjwa. Foleni ndiyo iliyowakutanisha. Lakini hojaji za miaka ile zilimuuliza dereva amelala na wanawake wangapi, wakati swali la kwa nini forodha inachukua siku tatu lilikuwa ni la watu wa uchumi, si la madaktari.

Wapo walioliona hilo mapema. Nchini Tanzania, kati ya mwaka 1990 na 1993, AMREF iliendesha mradi kwenye vituo vya malori vya barabara kuu. Badala ya kumleta mtaalamu kutoka mjini aje kuhubiri, waliwafundisha watu wa palepale, wahudumu wa baa na madereva wenyewe, wawe waelimishaji wa wenzao, na kondomu zikawekwa mahali zinapohitajika. Matumizi ya kondomu yalipanda, hasa kwa wanawake. Ninachokipenda katika mradi ule ni kwamba mwanamke wa kituoni hakuchukuliwa kama “chanzo cha maambukizi”. Naye ni mtu ambaye afya yake ina thamani.

Utafiti ulioacha alama kubwa zaidi, hata hivyo, ulianza Mombasa mwaka 1993. Watafiti wa Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwaandikisha wafanyakazi wa makampuni ya malori wasio na VVU, kisha wakawa wanawapima tena na tena kwa miaka. Utafiti wa namna hii unazidi kile cha Athi River kwa jambo moja. Ukimpima mtu mara moja tu utajua anaumwa au haumwi, ila hujui kipi kilitangulia. Ukimfuatilia, unamwona akiwa mzima, unaandika anavyoishi, na akiambukizwa unajua ilitokea kati ya tarehe ipi na ipi.

Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya wanaume 746. Ambao hawakutahiriwa walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU mara nne hivi ya waliotahiriwa, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine za maisha yao. Kumbe? Wengi hawakuamini, na walikuwa na haki ya kutoamini. Tohara huenda pamoja na dini, kabila, malezi. Huenda tofauti ilitokana na hivyo vingine. Ili kulimaliza suala hilo ilibidi yafanyike majaribio ya kuwagawa wanaume kwa bahati nasibu, wengine watahiriwe sasa na wengine baadaye. Yakafanyika Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu, na Rakai nchini Uganda. Yote matatu yalionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi kwa nchi zenye maambukizi mengi.

Kwa hiyo kijana aliyetahiriwa kliniki ya wilayani Iringa au Siaya miaka iliyofuata ana deni kwa madereva na mafundi wa gereji za Mombasa, ingawa hakuna anayemwambia. Job Bwayo aliishi kuona majibu ya majaribio yale Desemba 2006. Miezi miwili baadaye, Februari 2007, aliuawa na majambazi wa magari nchini Kenya.

Kundi hilohilo la Mombasa lilitoa matokeo mengine ambayo hayajapata umaarufu. Walipopewa ushauri nasaha na vipimo vya mara kwa mara, wafanyakazi walipunguza mahusiano ya nje ya ndoa na magonjwa kama kisonono yakashuka. Matumizi ya kondomu, cha ajabu, hayakubadilika sana. Yaani walibadilika, ila si kwa njia ambayo mabango yaliwahimiza. Nadhani hapa ndipo mke wa dereva angefaa kuulizwa jambo. Katika tafiti nyingi za enzi hizo yeye anaonekana kama kisanduku kwenye hojaji: ameoa, hajaoa, mara ya mwisho kwenda nyumbani ni lini. Kumbuka pia M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kabla ya hapo, mume akiwa Kigali na mtoto akiugua malaria Voi, pesa ya dawa ilisubiri dereva mwenzake anayerudi upande ule.

Mwaka 2005 huduma ikabadilika sura. Shirika la Chakula Duniani lilikuwa likihangaika kufikisha misaada kusini mwa Afrika, na likagundua kwamba madereva wenyewe hawatoshi kwa sababu wengi wanaugua na kufa. Likishirikiana na kampuni ya usafirishaji ya TNT, likaweka kliniki ya kwanza mpakani Mwanza. Si Mwanza yetu ya ziwani, ni ile ya Malawi. Kutokana na kliniki hiyo lilizaliwa shirika la North Star Alliance, ambalo baadaye lilifika Kenya, Mlolongo na Mariakani zikiwemo. Jengo lenyewe ni kontena la meli lililokatwa madirisha. Ujanja haukuwa kontena, ulikuwa saa za kazi: kliniki inafunguliwa jioni, dereva akishaegesha. Zahanati ya kawaida inayofungwa saa kumi haimfai mtu anayefika saa moja usiku na kuondoka alfajiri. Na rekodi zake ziliwekwa kwenye mfumo wa kompyuta unaosomeka kwenye kliniki nyingine za mtandao huo, kwa hiyo anayetumia ARV au dawa za presha hakulazimika kuanza kujieleza upya kila nchi.

Presha, ndiyo. Elimu kuhusu moyo wa dereva ni ya zamani kuliko elimu kuhusu VVU vyake. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku. Kazi moja, kampuni moja, lakini madereva walishikwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Kisha Morris na wenzake wakafanya kitu ninachokiona kizuri kuliko hata utafiti wenyewe: wakaenda kuangalia vipimo vya sare. Suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, na tofauti hiyo ilikuwepo hata kwa vijana. Maana yake huenda watu wanene zaidi walikuwa wakichagua udereva tangu mwanzo, kwa hiyo kiti hakiwezi kubebeshwa lawama yote. Kubishana na matokeo yako mwenyewe hadharani hivyo si kazi rahisi.

Malori yetu nayo yana mtu anayekaa na mtu anayepanda na kushuka, dereva na utingo. Yana pia sheria ya kupima uzito: kwa sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013, lori lenye ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56, na kwenye mizani kila ekseli inasomwa. Usingizi wa aliyelileta hausomwi popote pale, wakati Ulaya sheria inamtaka dereva apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu.

Halafu ikaja 2020. Aprili ile Uganda ilianza kuwapima madereva wote mipakani, na muda si mrefu wakawa ndio wengi katika orodha ya wagonjwa wa korona. Bila shaka! Ukiwapima wao kwa lazima na wengine kidogo tu, unatarajia nani aongoze? Sampuli zilipelekwa Entebbe, majibu yakachelewa, na foleni ya Malaba ikarefuka kwa makumi ya kilomita, watu wakilala chini ya matrela bila maji ya kunawa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kilikuwa kimejengwa kufupisha kungoja kwa aina hii hasa. Mwezi Mei Uganda ikaacha kuwahesabu madereva wa kigeni katika jumla yake, na namba ya taifa ikashuka ghafla.

Baadaye mwaka huo Jumuiya ilileta programu ya simu ya kumfuatilia dereva, ili jibu la maabara ya nchi moja likubalike nchi nyingine. Cheti cha korona kilidumu siku 14. Dereva wa Mombasa kwenda Kigali angeweza kukionyesha Malaba na tena mpakani mwa Rwanda, na safari ikichelewa sana, akapimwa upya.