Kutoka Muhambwe Kwenda Kwenye Fainali

Julai 2021 mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa na habari moja. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba na Yanga, ilipangwa kuchezwa Jumapili ya tarehe 25 katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Sisi wa Kibondo tumezoea kuwasikia watani hao redioni, na anayetaka kuwaona kwa macho hupanda basi alfajiri na kulala njiani. Safari hii wao ndio waliokuwa wanakuja kwetu. Wanangu wawili, wa kiume Simba na wa kike Yanga, hawakula wala kulala kwa raha hadi baba yao alipokubali kuazima Noah ya rafiki yake.

Mimi nikaweka sharti langu. Nafundisha historia sekondari, na kuna jambo linaloniuma kila ninapofika kwenye karne ya 19. Kigoma ya vitabuni ni mahali pa kupita tu. Livingstone na Stanley wanakutana Ujiji, misafara ya pembe na watumwa inaondoka Ujiji, reli inaishia Kigoma, wakimbizi wanaingia. Waha wa nyanda za juu, ambao ndio wengi katika mkoa huu, hawana kauli humo. Mtoto wa Kibondo anamaliza kidato cha nne akijua Stanley alisema nini alipovua kofia, asijue Heru ilitawaliwa na nani. Kwa hiyo nikasema: tutakwenda na babu yenu, tutalala Kasulu, tutapanda Heru Juu, tutapita Ujiji, ndipo tuingie uwanjani.

Somo lilianza kabla hatujatoka mjini. Kibondo ni nchi ya Muhambwe. Kakonko, kaskazini yetu, ni Buyungu. Kasulu ni Heru. Hizi zilikuwa falme za Waha, kila moja na mwami wake, yaani mfalme, na ngoma zake, kwa maana ngoma za huku hazikuwa za kuchezea tu; ndizo zilizokuwa ufalme wenyewe. Wakati huo Muhambwe na Buyungu yalikuwa bado majina ya majimbo ya ubunge, na Mei mwaka huo tulikuwa tumetoka kupiga kura ya uchaguzi mdogo wa Muhambwe. Mwanangu wa kiume alidhani jina hilo lilitungwa na tume ya uchaguzi. Babu yake, baba mkwe wangu, akamgeukia: "Mjukuu wangu, Muhambwe ilikuwako kabla ya Mjerumani kuijua njia ya kuja huku."

Barabara yenyewe ilikuwa kwenye matengenezo. Ni ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260 na kitu, iliyosubiriwa kutiwa lami tangu mimi ni msichana. Kiangazi kilikuwa kimekaza na vumbi jekundu liliingia kila mahali. Tulipofika njia panda ya kambi ya wakimbizi ya Nduta nilimwomba mume wangu asimame.

Mwishoni mwa 1993 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba mwaka huo, na watu wakaanza kuvuka mpaka na magodoro, sufuria, mbuzi, na vizee waliobebwa migongoni. Kilichonishangaza wakati ule ni kwamba tuliwaelewa. Kirundi na Kiha vinasikilizana, na wazee wetu walikuwa wakitaja ukoo, wageni wakitaja wa kwao, mpaka wakakuta mahali panapogusana. Mpaka huo si wa zamani sana. Wabelgiji waliishika Buha kuanzia 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, Urundi ikabaki kwao, na ukoo mmoja ukajikuta na serikali mbili.

Watoto waliokuja nao walijua kutengeneza mpira kuliko sisi. Walianza na kitambaa kilichokunjwa kwa nguvu hadi kuwa donge, wakakizungushia mifuko ya plastiki iliyopashwa moto kidogo ili ishikane, kisha majani makavu ya mgomba, na mwisho kamba za mgomba zilizosukwa kwa mafundo ya pembe nne kama wavu. Mpira huo ulidunda. Wa kwetu wa makaratasi haukudunda. Kaka zangu walicheza nao jioni hadi giza, na hapo hapakuwa na mkimbizi wala mwenyeji, palikuwa na aliyefunga na aliyefungwa. Kambi ya Nduta ikaja ikafungwa, ikafunguliwa tena 2015 vurugu za Burundi ziliporudi. Niliwaonyesha wanangu upande ilipo, tukaendelea.

Kasulu tulilala kwa wifi yangu. Alitupikia ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, na migebuka aliyoagiza Kigoma kwa ajili ya baba yake. Baada ya kula, baba mkwe akaanza habari za baba yake aliyekuwa manamba.

Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na huku juu hakukuwa na zao la kuuza wala reli ya kulipitisha. Ng'ombe walikuwa na kazi nyingine. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye mifugo, mara nyingi Mtutsi, alimkabidhi mtu ng'ombe, na aliyepewa akawa mtu wake, akimtumikia na kulindwa naye. Huwezi kumtoa ng'ombe wa namna hiyo sokoni ili ulipe kodi. Ikabaki nguvu ya mwili. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914, na baada ya vita ikawa ndiyo mfereji wa kuwachukua vijana wa Buha kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU. Kabla ya hapo wengi walishuka kwa miguu hadi stesheni.

"Baba alikuwa na kipande," akasema mzee, akatuchorea kwa kidole juu ya meza. Kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kipimo chako cha siku, nafasi moja inatiwa alama. Ukiugua, au jua likikushinda kabla majani hayajatimia, siku hiyo haipo. Zikijaa 30 ndipo unalipwa. Mwezi wa kalenda haukuwa na maana kwa manamba. Mwezi wake ulikuwa ile kadi. Baba yake huyo alirudi na blanketi, fedha ya kodi ya miaka kadhaa, na makovu ya miiba kwenye mikono yote miwili. Binti yangu akauliza kwa nini hakukaa hukohuko. "Walibaki wengi," akajibiwa. "Ndiyo maana una ndugu Tanga usiowajua."

Nataka hili lisemwe wazi. Mkonge ulilipa gharama nyingi za Tanganyika, na mikono ya Waha ilikuwamo katika kila robota. Malipo waliyopata pwani ni kuitwa washamba, na watoto wa watoto wao hadi leo wakienda kuomba kitambulisho huulizwa babu wa babu alizaliwa wapi. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye benchi la ofisi nikiulizwa hivyo, nikiwa na cheti cha ualimu mkononi.

Asubuhi tukapanda Heru Juu. Ni baridi huko, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, Kasulu ikionekana mabati yake chini. Baba mkwe alikulia karibu na hapo. Alisimama kwa fimbo yake akawauliza wajukuu: mnadhani mwami wa hapa alikuwa mwanamume? Wote wakasema ndiyo.

Mwami Theresa Ntare aliitawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wanawake waliokuwa na cheo hicho Tanganyika walikuwa wa kuhesabika, na nchi ilipopata uhuru yeye pia alikuwa Bungeni. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima kwa sheria. Baba mkwe alikuwa kijana enzi hizo na anakumbuka jinsi ngoma zilivyosikika kutoka mlima hadi mlima siku za shughuli. Alizipiga kwa mdomo na viganja pale pale, pigo zito kisha mapigo mepesi matatu, na binti yangu akazishika upesi akawa anajibu. Mwanangu wa kiume naye akaingia. Nimefundisha falme za maziwa makuu kwa miaka mingi. Darasani kwangu hakujawahi kuwa na kipindi kilichofika mbali hivyo.

Kutoka kilimani mzee alinyoosha fimbo upande wa mashariki, porini, akasema kule kulikuwa na vijiji. Miaka ya 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa maeneo yenye mbung'o wakawaweka kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha watu tena, kuingia vijiji vya ujamaa. Ukitafuta kaburi la babu wa babu huku kwetu, basi jiandae kutembea msituni.

Tukateremka Kidahwe, joto likaanza, minazi na michikichi ikatokea. Ujiji tulipitia kwenye makumbusho ya Livingstone. Sanamu za wazungu wawili zimesimama zikivuliana kofia, na mwongozaji anaisimulia ile siku, ambayo Stanley aliiandika kuwa tarehe 10 Novemba 1871, kwa ufasaha wa mtu anayeipenda kazi yake. Watoto walisikiliza vizuri. Mimi nikawaongezea mawili. Moja, aliyemkimbilia Stanley kwanza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, akafuata Chuma, na bwana wao alipokufa hao ndio walioubeba mwili wake hadi pwani. La pili, siku chache kabla, Stanley alikuwa akipita Buha na kutozwa hongo ya nguo na mkuu mmoja baada ya mwingine, hadi akaamua kupita porini usiku asionekane. Katika maandishi yake hao ni wanyang'anyi. Mimi nasema ni nchi iliyokuwa ikikusanya ushuru mpakani mwake, kama inavyofanya nchi yoyote, na yeye ndiye aliyekwepa.

Uwanjani tulifika mapema na bado tulibanana. Watu walikuwa wametoka Kakonko, Buhigwe, Uvinza, Tabora, wengine wamevuka ziwa. Mwaka ule tulikuwa tunatembea vifua mbele: miezi minne nyuma mbunge wa Buhigwe, Dk. Philip Mpango, alikuwa ameapishwa kuwa Makamu wa Rais, na sasa nchi nzima ilikuwa inaitazama Kigoma kwenye televisheni. Mukoko Tonombe wa Yanga, Mkongomani, alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na binti yangu akalia. Dakika ya 79 ikaja kona, Taddeo Lwanga, Mganda, akaruka akapiga kichwa. Simba 1, Yanga 0, na ndivyo ilivyokwisha. Baba mkwe, aliyesema hana timu, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Tangu 2023 Kigoma ina Mashujaa kwenye Ligi Kuu, na Simba na Yanga wanakuja kila msimu. Wanangu hawasubiri tena fainali. Mimi nimeanza kuwapa kidato cha pili kazi ya likizo: kaa na mzee wa kwenu, muulize baba yake alikwenda wapi kutafuta fedha ya kodi, uandike kwa maneno yake. Madaftari yanarudi. Mmoja babu yake alikata mkonge Korogwe. Mwingine bibi yake alizaliwa kwenye kambi ya manamba Ngerengere akaletwa Kibondo akiwa anatembea. Wa tatu ameandika kwamba mzee alikataa kusema lolote mpaka alipoahidiwa kuwa jina la baba yake litaandikwa kwa kalamu ya wino. Limeandikwa.