Kitenzi-jina cha Kihaya mbele ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba aliyelelewa kwa Kihaya alikikabili Kiingereza akiwa na umbo moja tu: okulima, ambalo kwa Kiswahili ni kulima. Umbo hilo ni tendo na jina pamoja. Twasema kulima shamba. Twasema pia kulima kwake kumemfaa. Ndiyo maana wanasarufi waliliita kitenzi-jina. Kiingereza kilimtaka achague: "to dig" au "digging"?

Katika seminari ya Rubya, alikosoma Laurean Rugambwa aliyefanywa Kardinali mwaka 1960, vijana walijifunza pia Kilatini, chenye maumbo mawili. Hakikuwafaa sana. Katika Kilatini "legere" yaweza kuwa kiima, na "legendi" hufuata jina. Nafasi katika sentensi ndiyo huamua. Wanasarufi wa Kiingereza waliazima istilahi ya Kilatini wakaivika umbo lisilofanana nalo. Umbo la "-ing" hapo kale lilikuwa jina tupu, likaja kupata uwezo wa kubeba yambwa baadaye. Nayo "to" ilionyesha kuelekea jambo. Basi "stopped to dig" ni alisimama ili alime, na "stopped digging" ni aliacha kulima. (Kanuni hii haitoshi kila mahali: "avoid" hudai "-ing" kwa tendo lisilofanyika kabisa.)

Aliyekosea hapo mtihanini hakupungukiwa na sarufi. Tofauti ile ile lugha yake iliiweka kwingine, katika kitenzi kikuu: kusimama au kuacha.