Tapeti za Corvette (V8 ndogo ya Chevrolet)

Tapeti za Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ni vipande vya chuma vinavyopanda na kushuka juu ya kamshafti ili kusukuma fito zinazofungua valvu katika injini ya V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Kila injini ina 16, zenye kipenyo cha milimita 21.4. Anayejenga upya injini ya zamani huzichagua pamoja na kamshafti, kwa kuwa kila aina huchongewa kamshafti yake.

Tapeti ngumu

Ndizo zilizoipa Corvette sifa. Mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyeingia General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, mwaka 1953, alibuni kamshafti inayoitwa kwa jina lake. Mwaka 1957 injini ya inchi za ujazo 283 yenye kamshafti hiyo, ikinyunyiziwa petroli badala ya kutumia kabureta, ilitoa nguvu za farasi 283. Tapeti hii haina kinachobonyea ndani, hivyo huifuata kamshafti barabara hata injini ikipita mizunguko 6,000 kwa dakika. Inahitaji fundi mvumilivu: kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu huachwa nafasi inayopimwa kwa fila, yaani kipimo cha bamba jembamba. Kwa kamshafti ya kwanza ya Duntov ni inchi 0.012 kwa valvu ya kuingiza na 0.018 kwa ya kutoa moshi. Kwa ile ya 1964, maarufu kama "30-30", ni 0.030 kwa zote. Nafasi ikizidi, injini hugonga. Ikikosekana, valvu haifungi sawasawa na huungua. Injini maarufu ya mwisho yenye tapeti hizi, LT-1, ilidumu 1970 hadi 1972.

Tapeti za haidroliki

Hujazwa oili na kuziba nafasi zenyewe, kimya. Kasi ikizidi huweza kujaa kupita kiasi na kuzuia valvu kufunga. Hata hivyo injini ya L79 ya 1965, yenye tapeti hizi, ilitoa nguvu za farasi 350, 15 tu pungufu ya injini ya L76 yenye tapeti ngumu.

Oili na uchakavu

Aina zote mbili husuguana na kamshafti kwa uso ulio karibu bapa, na hutegemea zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Viwango hivyo vimepunguzwa katika oili nyingi za kisasa ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi. Kamshafti mpya hupakwa grisi maalumu, kisha injini huendeshwa kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kuachwa ingurume polepole.

Tapeti za rola

Hizi hupunguza msuguano huo kwa kuviringika juu ya kamshafti. Corvette ilizipata kiwandani mwaka 1987.